Nani Aliiona Raundi ya Tano?

Bango la ngumi linasomeka kabla ya pambano. Ukiona sura moja imejaa bango zima, kifua wazi, mkanda begani, na nyingine imebanwa pembeni kama picha ya kitambulisho, jua matokeo yameshapatikana na kilichobaki ni kuuza tiketi. Nimelisema hilo katika banda la video la Shaibu hapa kisiwani kwetu, Kirongwe, tangu televisheni yake ilipokuwa ile ya chogo. Watu wananiita mchochezi. Mtendaji wa kata mmoja, ambaye alihama zamani, aliwahi kuniita ofisini kwa maneno yangu juu ya bei ya korosho, nami nikamwambia korosho na ngumi za kulipwa ni biashara moja: anayetoka jasho siye anayepanga bei. Akaniambia niende nyumbani nikapumzike.

Sijapumzika, ila nimechoka. Mayweather na Pacquiao walitufanya nini? Walizungushana miaka mitano, mpaka mmoja bega bovu na mwingine hana haraka ya kitu, ndipo wakatuuzia. Tuliamka alfajiri tukaangalia watu wazima wakikumbatiana. Fury na Joshua nao, kila mwaka tukaambiwa linakuja, na kila mwaka mmoja akaenda kupigana na mtu mwingine. Mabingwa wawili wakikwepana, lazima apatikane wa kupigwa katikati, watu wasisahau kulipa. Huyo wa katikati hakuna anayemkumbuka jina. Mimi nawakumbuka, na kuwakumbuka hakujawasaidia kitu.

Safari hii wa katikati alikuwa wa kwetu.

Matano ni mkwezi wa minazi. Mabega yake yametengenezwa huko juu, si kwenye jimu. Alianza ngumi Dar alipokwenda kutafuta maisha, akarudi na glovu moja kuukuu na sifa ya kutopiga goti. Sifa hiyo ndiyo iliyomponza. Pambano lake la mwaka jana alisimama mpaka mwisho akipokea, na aliporudi akapanda mnazi wa kwanza, akafika katikati, akaukumbatia, akabaki hapo. Hakupanda wala hakushuka. Dunia ilikuwa inamzunguka. Tulimshusha kwa kamba kama gunia, na ilichukua msimu mzima kabla hajarudi juu. Mkwezi mwenye kizunguzungu hafi ulingoni, anafia shambani kwake, na hakuna promota atakayekuja kwenye matanga.

Basi ndipo simu ikaja kutoka Dar. Kuna kijana anaitwa Furaha, hajapoteza hata pambano moja, mpinzani wake ameumia, anatakiwa mtu ndani ya wiki. Matano akakubali kabla hajauliza raundi ngapi. Zilikuwa sita. Bango likatumwa kwenye simu zetu: Furaha kifua wazi, Matano pembeni, na chini yake wameandika ametoka Mtwara. Hata kisiwa hawakuona haja ya kukiuliza.

Mama yake, Bi Mwanamkuu, alinifuata nyumbani. Nilikuwa uani nachambua korosho. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kukaa.

"Abubakari, maneno yako yanafika mpaka kwa wakubwa," akasema. "Kwa mwanangu yanashindwaje kufika?"

Nikaanza kumweleza habari za mapromota, jinsi wanavyompikia kijana wao rekodi kwa kumletea watu waliochoka. Akaninyooshea kiganja ninyamaze. Yeye hakutaka kujua habari za mapromota. Alitaka mwanawe asiende, na kama hakuna budi aende, basi iwe ya mwisho.

Tukaenda wote wawili shambani. Matano alikuwa juu, anaangua. Mama hakusema neno mpaka mwanawe akakanyaga ardhi, kwa sababu tangu siku ile ya kamba hathubutu kumwita akiwa juu. Mimi nikasema yangu yote. Matano alisikiliza huku anajifuta maganda kifuani, kisha akanijibu nilichojua atanijibu, akiniita Ami kama vijana wote wa hapa wanavyoniita.

"Ami, Mwakinyo naye aliitwa dakika za mwisho. Akaenda Uingereza kwao, akammaliza yule Eggington raundi ya pili."

Kila bondia wa nchi hii anayeitwa kwa dharura amelivaa pambano lile kama hirizi. Nikamwambia Mwakinyo ni mmoja, na kama anataka nimtajie walioitwa hivyohivyo wakarudi hawajui siku ya wiki, ninayo majina. Akasema nisimtajie. Nilipotaka kuendelea, mama yake akaingia kati, akamuuliza mwanawe swali moja tu: utaacha lini?

Matano akatazama minazi, akatutazama.

"Nikipigwa safari hii, mama, sipandi ulingo tena. Wallahi. Ami ni shahidi."

Nikasema nimesikia. Bi Mwanamkuu naye akasema amesikia, akageuka kwenda zake. Sikuwahi kuona mtu anatoka shambani akimwombea mwanawe kupigwa, lakini nadhani ndicho alichokuwa akifanya, apigwe kidogo tu, kiasi cha kutosha.

Sasa lazima nieleze jambo la banda la Shaibu. Kiwanja kile ni wakfu wa msikiti. Wazee walipomruhusu kujenga walimpa sharti moja: adhana ikitoka, televisheni inazimwa, na haiwashwi mpaka watu wametoka kusali. Mpira, ngumi, hotuba ya rais, yote yanazimwa. Shaibu hazimi kwa kitufe. Anachomoa waya ukutani, mtu asije akadhani anatania. Siku ile tuliambiwa Matano atapanda saa kumi, mara tu baada ya Alasiri, tukasema vizuri, nafasi ipo. Dar wakachelewa, kama wanavyochelewa kwa kila kitu kinachotuhusu sisi. Alipopanda ulingoni jua lilikuwa limeshainama.

Shaibu akapunguza sauti ya televisheni, kama ilivyo kawaida, nikaanza kutangaza mimi. Banda lilijaa. Bi Mwanamkuu alikuwa nje, kwenye benchi la ukutani, maana wanawake hawaingii humo, na pambano lote lilimfikia kwa mdomo wangu. Nililijua hilo. Nilichunga.

Lakini hakukuwa na haja ya kuchunga. Furaha ana mikono mirefu na anapenda kujiangalia akipiga. Kijana mzuri wa mabango. Matano aliingia chini yake, akamgonga mbavu, akatoka, akaingia tena. Raundi ya kwanza ikaenda kwa Furaha, ya pili kwetu. Ya tatu Furaha alianza kumtazama refa. Nilijisikia nikisema kwa sauti kwamba Matano anaongoza, na nikaogopa. Nje nikasikia benchi limelia. Sikujua mama amefurahi au amesimama.

Katikati ya nne adhana ya Magharibi ikatoka. Shaibu akachomoa waya.

Hakuna aliyebisha. Hata mimi, mbishi wa Kirongwe nzima, sikubisha. Tulitoka tukatawadha, tukasali, na nilichosoma katika rakaa zile anakijua Mungu. Tuliporudi na waya ukarudi ukutani, ulingoni walikuwamo watu wengine wawili na mtangazaji wa Dar alikuwa anasifu kinywaji. Hakurudia kutaja matokeo. Mapambano ya utangulizi hakuna anayeyataja mara mbili, wala hakuna anayeyakata vipande kuyarusha mtandaoni. Tulikaa tukiangalia wasiotuhusu mpaka ujumbe wa Matano mwenyewe ukaingia kwenye simu ya Shaibu: nimepoteza kwa pointi, mimi mzima.

Bi Mwanamkuu akashukuru Mungu, akaenda kupika. Nami nikasema moyoni, limekwisha.

Alirudi siku ya tatu, kwa boti mpaka Kilindoni na kwa bodaboda mpaka kwetu. Alikuwa peke yake kama alivyokwenda. Hata watu wa kona yake walikuwa wa promota. Jicho moja lilikuwa limefunga. Mimi sikumtazama jicho, nilimtazama miguu, na miguu ilikuja sawasawa. Mama yake alikuwa amekuja mpaka barabarani kumpokea. Watu wakatoka bandani, wakampa mkono, wakampa kiti. Akakaa. Halafu akauliza kitu ambacho kwa hakika alikuwa amekibeba tangu Dar.

"Mliiona ya tano?"

Dulla, muuza samaki, mtu asiye na ubaya na yeyote, akajibu.

"Tuliiona, kaka. Wote."

Kwetu msafiri akirudi akauliza kama salamu zake zilifika, unasema zilifika, hata kama aliyetumwa alizisahau njiani. Ndiyo adabu tuliyokuzwa nayo. Dulla aliitoa adabu ileile, na wengine wakaifuata. Mmoja akasema jamaa alikwenda chini kama mfuko. Mwingine akasema refa alistahili kufungwa. Kila aliyesema aliongeza kidogo, kwa wema kabisa, na kila walivyoongeza Matano alizidi kunyooka kwenye kile kiti.

Matano naye akatia neno, na ndivyo nilivyojua kilichotokea: Furaha aliangushwa raundi ya tano, na refa akasema ameteleza.

"Basi sikupigwa," Matano akasema. Akatuambia wamempigia simu tayari, wanataka marudiano, raundi nane. Nikamkumbusha kiapo. Hakukasirika. Akanigeukia kwa heshima zote. "Ami, si wewe unayesema majaji wananunuliwa? Mimi nimeibiwa. Aliyeibiwa hakupigwa. Niliapa nikipigwa."

Miaka yote ile ya kupiga kelele ndani ya banda lile, huyu ndiye mtu mmoja aliyenisikiliza mpaka mwisho. Bi Mwanamkuu alikuwa nyuma yake, ameushika upindo wa kanga mdomoni. Hakunitazama kwa kuomba. Alinitazama kama mtu anayetazama fundi aliyemharibia kitu.

Niseme wazi: niliamini kwamba alimwangusha. Bado naamini. Lakini kinywa changu kikasema, "Ulipigwa, Matano."

Dulla akasema kumbe Ami naye leo kanunuliwa, watu wakacheka kidogo. Matano hakucheka.

"Uliiona ya tano?"

"Niliiona. Aliteleza."

"Nilimpiga kwa mkono gani?"

Namjua tangu glovu ile kuukuu. Anaishi kwa kushoto kwake, mbavuni. Nikamwambia kushoto. Akamgeukia Dulla, na Dulla, akidhani anasaidia, akasema kushoto, kaka, kama anavyosema Ami. Matano akamtazama Shaibu. Shaibu ni mtu wa swala tano, na uongo wa adabu nao una mpaka wake kwake. Akainamisha kichwa.

"Nilizima, Matano. Adhana ilitoka katikati ya nne. Nilizima."

Ilikuwa kulia, ya taya. Akatueleza mwenyewe, polepole: Furaha alirudi nyuma akaacha mkono chini, naye akapeleka kulia, na mwenzake akakaa. Refa akaja akasugua sakafu kwa kiatu kama anayefuta maji. Watu walisikiliza bila kuongeza kitu. Sijui jambo lililo zito kuliko kumsikiliza mtu akisimulia ushindi anaoujua yeye peke yake.

"Halafu?" mama yake akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu mwanawe aketi.

"Halafu akanyanyuka."

"Halafu?"

Matano akajishika paji la uso, juu ya lile jicho bovu.

"Halafu nakumbuka nimesimama katikati ya ulingo, refa kanishika mkono, wanasoma pointi," akasema. "Ya sita sinayo, mama. Najua nilipigana, kwa sababu niliuliza nikaambiwa nilipigana. Sinayo."

Angalau sisi tulikuwa msikitini. Yeye alikuwamo ulingoni.

Bi Mwanamkuu akaja akasimama mbele yake, akamwinua kidevu, akaliangalia lile jicho zima, akichukua muda mrefu ule ambao daktari wa kisiwani hana. Matano akamwacha amwangalie.

"Nimepigwa, mama," akasema mwishowe. "Wallahi, nimepigwa."

Wakaondoka, yeye na mama yake, na mama alivyokuwa amelishika bega la mwanawe mtu angesema ni mama aliyesafiri. Matano alikuwa hajafika kwenye kona simu yake ikaita. Akaitazama, akarudi, akanipa mimi. Alisema nina maneno, basi nizungumze nao.

Alikuwa mtu wa promota. Nilikuwa na mengi ya kumwambia huyu bwana, mengine ninayo tangu enzi ya televisheni ya chogo. Nikasimama mbele ya banda, watu wote wananitazama wasikie Ami atakavyomvua nguo. Nikasema tu Matano amepigwa, hachezi tena.

Hakubishana. Alisema hakuna neno, mzee, mambo ya ngumi. Akaniuliza kama huku kwetu hayupo mwingine wa uzito ule.

Nikamwambia hayupo. Akasema sawa, atapiga simu tena baada ya Idi.