Kola za Chapuchapu

Msimamizi alikuwa hoi bin taabani, na siku yenyewe bado mbichi. Usidhani ni uzee. Kazi ya ushonaji aliizoea tangu usichana wake, na miguu ilikuwa bado inambeba. Kilichomchosha ni mtu mmoja tu, na ajabu ni kwamba mtu huyo hakuwa mvivu, hakuwa mwizi, wala hakuwa mgomvi. Alikuwa mchapakazi. Loh! Wavivu Msimamizi alishakaa nao, akawaweza. Huyu alimshinda.

Karakana yao ilishona mashati ya sare. Kila fundi alikuwa na kipande chake: huyu kola, yule mikono, mwingine vifungo, shati likasafiri meza hadi meza mpaka likafika kwa mpiga pasi. Kola zilishonwa na binti ambaye karakana nzima ilimwita Chapuchapu. Sasa, tajiri mwenye karakana alikuwa ameleta kengele ndogo akaiweka katikati ya chumba: anayejaza kapu lake aende akaipige, wote wasikie. Eti itawatia watu hamasa. Ikamtia mmoja. Kutwa nzima ikawa kengele ya Chapuchapu, na kila ikilia wenzake walikunja nyuso wakainamia cherehani zao kama waliotukanwa.

"Hongera, mwanangu," Msimamizi alikuwa akimwambia.

Chapuchapu hakuwa na muda wa hongera. Aliuliza tu, "Kesho tuongeze?" Naye Msimamizi, badala ya kufikiri, alimwongezea. Angefanyaje? Binti alikula amesimama, mkate mkono huu, mkasi mkono ule. Ukimkataza anakuona adui. Ukimsifu, sifa ile imeshachacha kabla ya jioni, anataka nyingine mbichi. Basi Msimamizi akashika njia rahisi, akamsifu kila siku mbele za watu, na wale wengine akawa anawaambia, "Mnamwona mwenzenu?" Jamani, walimwona. Walikuwa wamechoka kumwona.

Asubuhi moja tajiri akaja ananukia manukato, na habari yake mbaya. Kazi imepungua, alisema, fundi mmoja lazima aondoke mwisho wa wiki.

"Utanitajia yule ambaye kapu lake halijai," alimwambia Msimamizi. "Rahisi, au siyo?"

Rahisi! Ambaye kapu lake halijai alikuwa wifi yake mwenyewe, mjane wa kaka yake, aliyekaa meza ya pili akipachika kola kwenye mashati. Wanaishi nyumba moja, wanalea watoto wa marehemu pamoja, wanapika chungu kimoja. Zamani wifi huyo alikuwa na mkono mwepesi. Siku hizi alikuwa akivuta kazi mpaka inatia hasira, na Msimamizi alikuwa amemkaripia mara nyingi mbele ya wenzake ili asije akaambiwa anapendelea ndugu. Sasa mama wa watu amekalia kuti kavu, na wala hana habari.

Mchana, wenzao walipotoka kwenda kula, Msimamizi akaenda kwenye ile meza ya pili. Maneno yake alikuwa ameshayapanga, makali. Akamkuta wifi ameinama, wembe mkononi, anafumua mshono.

"Wifi, unafumua nini?"

Wifi akashtuka, akaficha mkono chini ya meza, halafu akaona haina maana. Akaitoa kola. Ncha moja ilikuwa imechongoka vizuri, ya pili butu, tena imepinda.

"Za Chapuchapu hizi," alisema. "Si zote, ila ni nyingi. Nazifumua, nazishona ncha upya, ndipo napachika. Nikiziacha hivi, mzigo mzima utarudishwa."

"Tangu lini?"

"Tangu ije ile kengele. Kabla ya hapo kola zake hazikuwa na mfano, na wewe unajua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi, wifi yangu? Wewe asubuhi na jioni uko kumvika kilemba cha ukoka. Ningesema, ningeonekana nina wivu. Halafu namwonea huruma. Yule ukimwambia kazi yake mbaya, usiku atalala?"

Msimamizi akavuta kiti akakaa. Aibu ilimshika hata masikio yakamwasha. Mtu anaokoa kazi ya karakana nzima, yeye anamwita goigoi! Alitaka kuomba msamaha, akaishia kumshika wifi bega. Wifi akamwambia aende akale.

Kazi ilipokwisha jioni, alimwita Chapuchapu kwenye chumba cha kukatia vitambaa, akamwekea kola mezani. Hakuzunguka.

"Ncha zako zimeharibika, mwanangu. Wifi yangu ndiye anayezirekebisha, ndiyo maana anachelewa. Mimi nilikuwa natazama kapu limejaa, sikutazama kilichomo."

Chapuchapu akaikunja kola katikati, ncha juu ya ncha, akaona. Akachukua nyingine, akaikunja. Uso ukamshuka.

"Nitazirudia zote," alisema. "Leo leo. Mwambie mlinzi asifunge."

"Hapana. Nenda nyumbani ukapumzike."

"Nyumbani nikafanye nini?"

Wala hakusema kwa jeuri. Aliuliza kama mgeni anayeuliza njia. Msimamizi alimwonea huruma, na papo hapo akamchoka zaidi, maana kumwonea huruma nako ni kazi. Akamkubalia azirudie kesho yake, polepole, asiiguse kengele.

Mwisho wa wiki tajiri akafika, akasimama katikati ya chumba, mafundi wote wakiwa kwenye meza zao.

"Haya, jina."

Msimamizi akapiga moyo konde. Akaeleza yote, kola zilivyoharibika na nani alikuwa akizifumua. Wifi akainamisha kichwa. Chapuchapu alikuwa macho kodo.

"Hapa hakuna mvivu," Msimamizi alimalizia. "Ukimwondoa wifi yangu, mashati yatakurudia. Ukimwondoa Chapuchapu, umemwondoa fundi mzuri tuliyemharibu sisi wawili."

"Sisi wawili nani?"

"Mimi na sifa zangu, wewe na kengele yako."

Weee! Cherehani zote zikanyamaza. Tajiri akacheka, kile kicheko cha mtu asiyezoea kuambiwa.

"Nilikuomba jina, umenipa hotuba. Lakini jina nimelipata. Msimamizi asiyejua kinachotoka kwenye meza zake, wa nini?" Akamgeukia Chapuchapu. "Wewe, kuanzia sasa kalia kiti chake cha usimamizi."

Wifi akainuka kutaka kusema. Msimamizi akamkanya kwa macho. Mmoja wao lazima abaki kazini, watoto wanakula kila siku. Wifi akakaa, machozi yanamlengalenga.

Chapuchapu akaenda, akakikalia kiti. Msimamizi hakumkasirikia. Yule ukimwonyesha pa juu atapanda tu, hawezi kujizuia, na wa kumlaumu si yeye. Lakini alimtazama usoni akitafuta furaha, japo chembe, asiione. Binti alikisogeza kiti mbele, akapanga mikono mezani, na Msimamizi alipokuja kuchukua mkoba wake pale chini, akamuuliza kwa sauti ya chini, wengine wasisikie:

"Mama, baada ya hapa kuna nini?"

"Hakuna kitu, mwanangu. Hapo ndipo mwisho."

Chapuchapu akacheka kidogo, akidhani anataniwa, akamkazia macho akingoja aambiwe kweli.