Mashine Iliyogeukia kwa Theresia

Alute alifungua kibanda cha kukamulia alizeti pale Mgori, akafagia mashudu ya jana, akakuta mashine imegeuka. Bomba la mafuta, ambalo lilikuwa likitazama mlango, sasa lilitazama nyumba ya Theresia, mjane wa marehemu kaka yake. Bolti zote zilikuwa zimekaza. Zege lililozishika chini lilikuwa limegeuka pamoja nazo.

Mashine hiyo ilinunuliwa kwa ng'ombe ambao Theresia alipewa na baba yake. Baada ya matanga, ukoo ulimtaka arithiwe na Alute. Alikataa. Basi ukoo ukampa Alute mashine.

Alute aliirudisha kwa mtaimbo. Kesho yake ikawa imegeuka tena. Akamwita fundi Emilian kutoka Utemini. Emilian alikata umeme, akafungua bolti, akaining'iniza mashine kwa mnyororo kwenye boriti, isiguse chochote. Wateja walikaa juu ya magunia yao wakitazama. Mashine ilizunguka taratibu hadi bomba likaelekea kwa Theresia, ikatulia.

"Nguvu ya ndani haiwezi kuigeuza yote," Emilian alisema. "Mota ikiisukuma fremu, fremu nayo inaisukuma mota. Zinamalizana humo humo. Ni kama mtu kutaka kujibeba mgongoni. Kuna kitu cha nje kinaivuta."

"Shemeji yako alikukataa mara moja, Alute," alisema Dorika, mmoja wa wateja. "Hiki chuma kinakukataa kila siku."

Watu walicheka, kisha wakauliza kazi itaanza lini.

Ukoo ulikaa tena. Theresia aliwaamkia wazee, akaomba jambo moja tu, mashine irudi kwake. Wazee walikwenda kuitazama, wakaridhika kwamba imegeuka na hakuna aliyeigusa. Mzee Mathayo akajibu kwa niaba yao.

"Tumeona, mwanangu. Mashine imesema wazi. Lakini mashine haina kauli kwenye ukoo."

Wiki iliyofuata Alute alibomoa ukuta wa upande wa nyumba ya Theresia, akahamishia mlango huko ili wateja wakinge madumu yao bila taabu. Tangu hapo mashine haikumsumbua.

Theresia alipovuna, alijitwika gunia lake la alizeti, akaenda hadi mlango mpya.

"Panga foleni, shemeji," Alute alimwambia.

Watu walikuwa wengi. Mwisho wa foleni ulikuwa uani kwa Theresia mwenyewe, akarudi kusimama hapo.