Meza Isiyofika Goti

Meza ile ilikuwa fupi, haifiki goti. Asukile aliiga picha iliyokatwa kwenye gazeti la Wazungu: miguu ya chuma, myembamba kama mabua, fremu ya mninga, na juu yake kioo kitupu. Mke wake, Tusajigwe, alipoiona aliuliza watu watakulaje pale. Asukile akacheka. Alisema si ya kulia, ni ya kuwekea vikombe vya kahawa, na wenyewe huizunguka wakiwa wameegemea viti.

Picha alipewa na mwenye hoteli mmoja wa Iringa. Mwenye hoteli akiipenda meza hiyo, Asukile angehamia huko awe fundi mkuu wa samani za hoteli yake mpya. Kioo kilitoka Dar es Salaam, na Mbeya nzima hapakuwa na kingine cha unene ule. Lori la Iringa lilikuwa liondoke kesho yake.

Siku hiyo ukungu ulishuka kutoka mlima Loleza tangu alfajiri. Asukile alikwenda kutafuta magunia ya kuifungia meza. Viti alikwisha kuvihamishia karakana ili apate nafasi. Tusajigwe aliona udongo wa ukuta unadondokea kioo, akatandika juu yake kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe.

Ndipo akasikia kikohozi uani. Alikijua. Ni Mzee Andendekisye, baba mkwe wake, ametoka Rungwe bila kutuma habari.

Kwa Wanyakyusa mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hasemi naye, wala hawakai chini ya paa moja. Tusajigwe alijifunika nguo kichwani, akatoka kwa mlango wa nyuma, akajibanza nyuma ya ukuta wa jiko.

Mzee alimwita mwanawe, hakujibiwa. Baridi ilimwingiza ndani. Tusajigwe alisikia fimbo ikiegemezwa ukutani, kisha miguu ikizunguka chumbani kutafuta pa kukaa. Hapo akaelewa. Mle ndani kitu kifupi kilikuwa kimoja tu, nacho kimefunikwa.

Aliinua sufuria akaiangusha juu ya mafiga. Miguu ikasimama. Mzee akasema kwa upole, akiuambia ukuta:

"Aliyeko jikoni asijisumbue kupika. Nimekula njiani. Nitapumzika kidogo kwenye hili benchi."

Tusajigwe alifungua kinywa. Maneno alikuwa nayo: baba, usikae. Lakini tangu aolewe hakuwahi kumtamkia mzee huyo hata salamu, na kilichotoka kilikuwa pumzi tu.

Kioo kikapasuka.

Alingoja asikie mzee akiinuka. Alisikia mguno, halafu mwingine mdogo zaidi. Akaingia. Mzee alikuwa ameketi ndani ya fremu, miguu juu, na damu ikimtoka nyuma ya paja. Tusajigwe alimvuta akamlaza, akakunja kitambaa chake na kukikandamiza juu ya jeraha kwa mikono miwili. Mzee hakumtazama. Alijifunika uso kwa koti.

"Toka, mwanangu," alisema ndani ya koti. "Toka, tafadhali."

Hakutoka. Asukile alirudi na magunia begani akawakuta hivyo.

Jeraha lilipona. Lakini wazee wa ukoo walipokaa, kioo hakikutajwa. Walisema mke amemshika baba mkwe wake, basi arudi kwao Masoko mpaka watakapoona la kufanya. Mzee Andendekisye mwenyewe alitazama chini. Asukile naye hakumtetea mkewe.

Asubuhi ya kuondoka Asukile alimfungia mkewe mzigo wake, akaukaza kamba vizuri kama afanyavyo fundi. Kisha akasema bila ukali:

"Kumshika uliweza. Neno moja ndilo lililokushinda."

Tusajigwe alijitwika mzigo. Nje, chini ya upenu, fremu ilisimama imara kwa miguu yake ya chuma, na kuku walikuwa wakirukia ubao wake wa mninga, wakishukia ndani palipokuwa na kioo, wakitokea upande wa pili.