Haiba ya Mlangoni

Kijitabu cha matangazo cha Bi Mahira, wakala wa nyumba mwenye ofisi juu ya duka la leso Biashara Street, kiliisifu nyumba moja ya Kibokoni, katika mji wa kale kisiwani, kwa neno moja: haiba. Kiyoyozi hakikutajwa, maana hakikuwepo. Maegesho hayakutajwa, maana katika kichochoro kile hata mkokoteni hupita kwa kuomba radhi. Palikuwa na picha tu ya mlango wa nakshi na, kando yake, juu ya baraza ya mawe, wazee wanne waliovaa kanzu, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa.

Picha hiyo aliipiga Fadhiya, binti aliyetoka chuoni juzi na ambaye bado alikuwa katika miezi yake mitatu ya majaribio kwa Bi Mahira. Haikumpa shida. Mzee wa kwanza kushoto, mwenye bakora, alikuwa babu yake, Mzee Ubaid.

Siku hizo watu wa ofisi walikuwa wakikihama kisiwa, wakifuata majengo ya vioo kule Nyali, na Bi Mahira aliona dawa ni kuwauzia ukale. Dawa ilifanya kazi. Kampuni moja ya ushauri kutoka Nairobi iliiona picha, ikasema hicho ndicho ilichokuwa ikikitafuta, ikaingia kwa mwezi wa kujaribu. Mkurugenzi wake angekuja Alhamisi kutia saini ya miaka mitano.

Jumatatu meneja wao, Bi Everlyne, akapiga simu. Nyumba ameipenda sana, alisema, ila kuna wazee mlangoni. Wanakuja kila asubuhi. Wanamsalimu. Akiitikia, wanamuuliza ameamkaje, watu wa nyumbani hawajambo, mvua huko kwao imenyesha, na anapofika mezani kwake robo saa imeshakwenda. Mkurugenzi asiwakute.

Bi Mahira alimwita Fadhiya akamweleza bila kuzunguka. Wazee wakiondoka, mkataba upo na kazi ya Fadhiya ipo. Wasipoondoka, vyote viwili havipo.

Fadhiya aliondoka na mzigo huo kifuani. Tangu bibi yake afariki, babu hakuwa na pengine pa kwenda. Mahali alipoiegemeza bakora yake kwa miaka mingi, chokaa ya ukuta ilikuwa imelika ikafanya kijishimo, na kila asubuhi bakora ilirudi humo yenyewe kama mtu anayejua kitanda chake.

Alifika, akawaamkia wazee mmoja mmoja, akauliza hali za wajukuu wote, akanywa kahawa aliyopewa. Kisha, macho yakiwa chini, akaanza. Wapangaji wapya wanawaheshimu sana wazee. Ila wanaona uzito kidogo, kuwapita hivi hivi kila siku. Na Alhamisi anakuja mkubwa wao. Wangependa siku hiyo hapa mlangoni pawe, yaani, pawe vizuri.

Wazee wakatazamana.

"Masikini, waona haya," alisema Mzee Ubaid. "Wageni hawa, hawajui watuanze vipi. Nawe umefanya vyema kutwambia, mwanangu. Alhamisi tuachie sisi."

Fadhiya alifungua mdomo amsahihishe. Kilichotoka kilikuwa inshallah.

Alhamisi, badala ya wazee wanne, walikuja kumi na mmoja. Walileta halwa, mahamri na dele mbili za kahawa, na mmoja alifukiza ubani. Mkurugenzi alipotokea kichochoroni, walisimama wote, wakampa mkono mmoja mmoja, wakamketisha katikati yao. Bi Everlyne alisimama kizingitini. Fadhiya, nyuma yake, alikuwa ameshaanza kuiaga kazi kimoyomoyo.

Mkurugenzi alikaa saa nzima. Aliponyanyuka, macho yalikuwa yakimng'aa. Alisema hajapata kuona ofisi iliyoandaliwa kwa ustadi namna hii, akataka jambo hilo liingizwe kwenye mkataba kabla hajatia saini.

Jumamosi Fadhiya akarudi na karatasi. Kifungu cha kumi na nne kilisema wazee wasiopungua wanne watakuwepo barazani kuanzia saa tatu hadi saa tano, siku za kazi, wakiwa wamevaa kanzu na kofia. Chini palikuwa na nafasi ya saini.

Mzee Ubaid alikuwa karani wa bandarini miaka thalathini. Alivaa miwani, akakisoma kifungu kwa kidole, neno kwa neno, kisha akairudisha karatasi kwa adabu.

"Hii ni kazi," alisema. "Na mimi nimestaafu."

Akaitoa bakora kijishimoni, akavuka kichochoro. Hatua sita tu, hadi kwenye baraza ya nyumba tupu iliyoelekeana na ile. Wenzake wakafuata na dele. Mzee Ubaid aliijaribu bakora ukutani kule mara mbili, na mara mbili ikaanguka.

Fadhiya alisimama katikati ya kichochoro. Simu ikalia. Bi Mahira alitaka kujua kama saini zimepatikana.

"Hawatatia," alisema Fadhiya. "Wamehamia ng'ambo."

Sauti ya Bi Mahira ikarudi, laini, yenye hamu. "Hiyo nyumba ya ng'ambo ni ya nani? Hebu uliza. Na upige picha."

Fadhiya alimtazama babu yake, aliyekuwa ameinama kuiokota bakora kwa mara ya tatu.

"Sitauliza," alisema. "Na sipigi picha."

Hilo lilikuwa jambo la kwanza alilopata kulisema moja kwa moja maishani mwake, nalo lilimtisha kiasi kwamba papo hapo akauliza, kwa sauti ya chini na kwa heshima zote, kama funguo za ofisi azirudishe sasa hivi au baada ya adhuhuri.