Tawi la Sikujua

Usiku wa kuamkia jana, Atuganile Mwakyoma aliota kwamba Sikujua yuko jikoni kwake, amekaa kwenye kigoda, anamenya viazi.

Sikujua hakuzaliwa na mtu. Ni mhusika wa mchezo. Kila Jumamosi alasiri Atuganile, mdogo wake Lusekelo na rafiki zao wawili hukutana nyumbani kwa Gwamaka, upande wa pili wa mji wa Mbeya, wakacheza mchezo ambao kila mmoja humbuni mtu wake, humsemea na kumtembeza katika nchi ya kufikirika, na dadu ndiyo huamua kama alichojaribu kimewezekana. Gwamaka ndiye mwenye meza. Yeye ndiye mvua, ndiye wenye nyumba za wageni, ndiye majoka yote.

Mtu wako unampa fani, na ukitaka unampa mbili. Sikujua alianza akiwa askari. Baadaye Atuganile akamwongezea fani ya umanju, ya kuimba na kuongoza ngoma, wala hakumweleza mtu kwa nini.

Sasa manju akifika ngazi ya tatu lazima achague tawi. Kuna Tawi la Vita, ambalo nyimbo zake huwaongezea wenzako nguvu ya kupiga. Kuna Tawi la Siri, la wapelelezi. Na kuna Tawi la Bembelezo, la kulaza watu usingizi, ambalo pale mezani walilicheka mpaka chai ikamwagika. Atuganile alikuwa akiahirisha tu. Jumamosi iliyotangulia ndoto hiyo mchezo uliishia pabaya: Kongwa, mganga anayechezwa na Lusekelo, amebanwa mkononi mwa dude la matopeni, na wenzake wote wameishiwa nguvu.

"Chukua Vita, dada," Lusekelo alimwambia wakati wanatoka. "Kongwa akifa nitaanza upya na nani? Nimemzoea."

Gwamaka naye alisema bila tawi hakuna kuanza. Ndipo Atuganile akalala na jambo hilo kichwani, na Sikujua akaja.

"Shikamoo, mama," Sikujua anasema.

"Usiniite mama. Tuko rika moja."

"Nani alinileta duniani?"

Atuganile anamsogelea. Anamtazama vizuri. Sikujua amevaa vazi la vita la mifuniko ya sufuria, kwa sababu siku ya kwanza Atuganile, akiharakishwa, alisema tu kwamba amevaa kitu cha chuma. Mfuniko wa kifuani ni wa sufuria yake ya wali. Mguu wa kushoto wa Sikujua unapiga kwata. Wa kulia unacheza ngoma.

"Inakusumbua?" Atuganile anauliza.

"Nilikwenda kwa daktari wa mifupa. Alisema yote mizima, ila haijuani." Sikujua anaweka kisu chini. "Twende. Tawi linafunga mchana."

Mlango wa jikoni unafunguka, na nje hakuna uwanja. Kuna ngazi mbili zimesimama bila kuegemea kitu. Moja ya chuma, ya uaskari. Nyingine ya mianzi, ya umanju. Sikujua anaweka mguu wa kushoto kwenye kipandio cha tano cha chuma, na wa kulia kwenye kipandio cha pili cha mianzi, anabaki amepanuka vibaya kama mkasi.

"Ndivyo ninavyolala," anasema.

"Jumla ya vipandio vyako ni saba," ngazi ya mianzi inasema. "Lakini kwangu vya chuma havihesabiwi; tawi liko kwenye kipandio changu cha tatu. Nasema mapema ili tusije tukalaumiana."

Atuganile anaukamata mguu wa kulia kwa mikono miwili na kuusukuma juu, mpaka cha tatu. Kipandio kinakuwa kizingiti. Wanaingia ofisini.

Ni ofisi kama ofisi nyingine: mabenchi, feni isiyozunguka, madirisha matatu ya huduma. Kwenye benchi ameketi Dadu, mkubwa kama kabati, na kila akigeuka kusalimia anakalia uso mwingine.

"Na wewe unatafuta tawi?" Atuganile anamuuliza.

"Naomba likizo," Dadu anasema. "Mnanirusha, nikianguka mnanitukana. Hakuna anayeniuliza kama nimeumia."

"Pole."

"Nimeshapoa."

Dirisha la kwanza ni la Vita. Karani wake ni tarumbeta aliyefunga tai.

"Jina?"

"Sikujua."

"Hukujua jina lako?"

"Sikujua ndilo jina langu."

"Ulikuja kulijua lini?"

"Nimesema Sikujua."

"Basi ukishajua utarudi," tarumbeta anasema bila ubaya wowote. "Lakini tawi letu ni zuri. Kila pigo tunakuongezea dadu moja."

Dadu kule kwenye benchi anashusha pumzi. Mguu wa kushoto wa Sikujua unakakamaa na kupiga saluti. Wa kulia unalegea, unakufa ganzi, na Atuganile inabidi ambebe nusu Sikujua mpaka dirisha la pili.

Hapo karani ni kufuli. Anaongea kwa kunong'ona.

"Kiingilio ni siri moja."

"Mimi sina," Sikujua anasema. "Zangu zote anazo huyu."

Kufuli anamgeukia Atuganile. Atuganile anatazama huku na huku, kisha anainama karibu na tundu la ufunguo.

"Sijaimba tangu msiba wa mama."

"Hiyo si siri," kufuli anasema. "Mtaa mzima unaijua." Anajifunga.

Na kweli mtaa ulijua. Atuganile ndiye aliyekuwa mwanzishaji wa nyimbo kwenye kwaya. Siku ya maziko, wanakwaya walisimama kando ya kaburi wakamngoja aanzishe, wakangoja, na sauti haikutoka. Wakaanzisha wengine. Hakuna aliyemlaumu. Tangu hapo hakurudi mazoezini, na alipoulizwa alisema ana mafua.

"Ndiyo maana ukanipa umanju," Sikujua anasema. Hajakasirika. "Ili niimbe mimi. Lakini kila zamu yangu ikifika wewe unasema, 'Sikujua anaimba,' halafu unarusha dadu. Nafungua kinywa mbele za watu, hakitoki kitu. Majambazi wananionea huruma. Mama, naona aibu."

Atuganile anataka kusema ana mafua. Ndotoni hana.

Dirisha la tatu halina foleni. Ndani kuna mbeleko ya kitenge, imekunjwa vizuri, imetulia.

"Hapa hatuulizi jina," mbeleko anasema. "Hapa tunataka wimbo. Na usiwe wa huyu. Uwe wa aliyemleta."

"Nitaimba nikiwa tayari," Atuganile anasema.

"Hakuna haraka. Ila sakafu inaondoka."

Sakafu inaondoka. Vigae vinalainika, vinakuwa tope la vuguvugu, mabenchi yanakuwa mafunjo, na wao wamesimama matopeni, maji yakiwafika magotini. Mbele yao limekaa dude. Ni kubwa, la rangi ya udongo mbichi, macho yake mekundu. Limemshika Kongwa mkononi kama mtu anavyoshika kikombe cha uji.

"Karibuni," dude linasema. "Ni zamu ya nani?"

Katika mchezo ule watu hupigana kwa zamu, na matopeni kanuni hiyo inafuatwa sana. Upepo umesimama unangoja zamu yake. Nzi ametulia hewani, bawa moja juu, moja chini.

"Dada," Kongwa anasema kwa sauti ya Lusekelo, "fanya haraka, lakini si sasa. Sasa ni zamu ya nzi."

Nzi anapiga bawa mara moja. Zamu inakuwa ya Sikujua. Mkono wake wa kushoto unachomoa upanga.

"Upanga tena," dude linasema, na kupiga mwayo mrefu. Mdomoni mwake mnaonekana mabua ya mafunjo na ndala ya mtu. "Sijalala tangu nibuniwe. Kila Jumamosi mnakuja mnapiga kelele. Mkiondoka nabaki hivihivi, mkono juu, nimemshika huyu. Bega linaniuma. Ningemwachia, lakini sijui nimwachie vipi."

Atuganile analitazama lile bega. Limevimba. Kisha anayatazama macho yake, anaona kwamba wekundu wake si wa ukali, ni wa kukosa usingizi.

"Rudisha upanga," anamwambia Sikujua.

Kisha anaimba. Sauti inatoka imekwaruza, kama mlango wa stoo uliofungwa muda mrefu, lakini inatoka. Ni wimbo aliokuwa akiimbiwa na mama yake mgongoni, wakati moto wa jioni unazimwa.

*Lala, moto nimeufukia.*
*Lala, mlango nimeurudishia.*

Anarudia mistari hiyo miwili. Anarudia tena. Kope za dude zinashuka, kisha zinasimama nusu.

"Umeruka mstari," dude linasema.

"Najua."

"Nani alikuwa anakuimbia?"

"Mama yangu. Amefariki."

"Pole sana." Dude linafikiri kidogo. "Basi nimalizie wewe. Mimi sina mama. Nina Gwamaka."

Atuganile anavuta pumzi. Machozi yanamtoka, na zamu hairuhusu kuyafuta, kwa hiyo anayaacha.

*Kesho ikija itatukuta hapa.*

Anapofika neno la mwisho anasikia sauti ya pili imeingia chini yake, nzito kidogo, ya mtu asiyezoea. Ni Sikujua. Ameimba. Miguu yake yote miwili imesimama sambamba kwenye tope, inapimapima mapigo ya wimbo kwa vidole, kushoto na kulia kwa pamoja.

Dude linamlaza Kongwa juu ya majani, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto na kuogopa kumwamsha. Linajikunja. Linalala. Nzi naye analala hapohapo hewani, na hakuna anayeuliza zamu ya nani.

Mbeleko amejitundika kwenye funjo, anasoma kanuni kwa sauti ya upole.

"Tawi la Bembelezo. Wimbo unafika umbali wa jiwe lililorushwa kwa mkono. Aliyelala kwa wimbo huu haamki mpaka aguswe bega. Mmekubaliwa wote wawili."

Hapo Atuganile akaamka.

Kulikuwa kumekucha kabisa. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani, na hilo ndilo jambo la kwanza lililomshangaza, kwa maana mumewe Anyisile huamka gizani na kuwasha redio ya taarifa ya habari. Anyisile alikuwa bado amelala, ametulia, soksi moja mguuni, nyingine mkononi.

Redio ilikuwa kimya. Jogoo wa jirani alikuwa kimya. Atuganile akajifunga kanga, akatoka nje. Mbwa wa nyumba ya mbele alikuwa amelala katikati ya njia, na kuku wawili wamelala ubavuni mwake. Langoni, muuza maziwa ameegemea nguzo, ndoo katikati ya miguu, mkono ungali umeinuliwa kutaka kugonga, mdomo una tabasamu dogo. Mbali kule chini, ng'ambo ya mto, mbali kuliko mtu yeyote anavyoweza kurusha jiwe, majogoo walikuwa wakiwika na pikipiki zikipita kama siku zote.

Alisimama kidogo. Kisha akanyoosha mkono, akamgusa muuza maziwa bega.

"Shikamoo, mama," yule kijana alisema, akamalizia kugonga nguzo. "Lita moja?"

"Marahaba. Nipe mbili."

Alipoingia ndani alimwandikia Gwamaka kwenye simu: *Bembelezo.* Gwamaka, aliyekuwa mbali ambako wimbo haukufika, akajibu papo hapo: *Una uhakika? Vita inakuongezea dadu.* Atuganile akamwandikia kwamba ana uhakika, na kwamba leo Jumamosi hatasema tu, 'Sikujua anaimba'; wamtengee nafasi yeye mwenyewe aimbe kwa sauti yake.

Akaenda chumbani, akainua mkono juu ya bega la mumewe. Halafu akaurudisha. Akamvua ile soksi moja, akamfunika blanketi vizuri, akaenda kuchemsha maziwa kwanza.