Shimo la Sita

Uwanja wetu wa gofu ni mdogo, mashimo sita tu, umebanwa kati ya vyumba vya hoteli na bahari. Wageni wanaoujua mchezo huucheka. Baba hakuwahi kuucheka. Aliutunza miaka ishirini na sita, na wenzake walimwita Pimamaji, kwa sababu hata ugenini, picha ikiwa imepinda ukutani, aliinuka kuinyoosha bila kuombwa.

Mimi nilikuwa msaidizi wake. Kila asubuhi mashimo huhamishwa, majani yasije yakafa kwa kukanyagwa mahali pamoja. Unadidimiza chuma cha duara, unatoa kipande cha udongo na majani yake, kisha kipande hicho unakwenda kuzibia shimo la jana.

“Nikipaona lilipokuwa jana,” Baba alikuwa akiniambia, “hujafanya kazi, mwanangu. Umefukua tu.”

Jumanne moja alikata shimo la sita, akasema moyo unamwenda mbio, akaenda kujilaza. Hakuamka.

Niliporudi baada ya matanga, dereva wa mashine ya kukatia majani ndiyo kwanza alikuwa amehamisha matano, maana siku zote za msiba hayakuguswa. La sita nikamwomba aliache. Ndiyo ilikuwa kazi ya mwisho ya mikono ya Baba, nami nikaling'ang'ania. Kila asubuhi nilihamisha mengine, hilo nikalipita kama silioni. Nikimaliza nilirudi, nikachuchumaa, nikapapasa ukingo wake kwa vidole. Nililia, sifichi.

Siku ya kumi na mbili meneja akaniita. Si mtu mbaya, ingawa ningependa awe mbaya nipate wa kumkasirikia.

“Dada, pole tena. Lakini pale pameota upara. Kesho ulihamishe, au nimwambie dereva?”

“Dereva mkono wake mzito. Nitalihamisha mwenyewe.”

Kulipopambazuka nikakata jipya, nikakibeba kile kipande kwa mikono miwili, nikakishusha kwenye shimo la Baba taratibu. Kikakaa sawasawa. Nikamwagia maji, nikakandamiza kwa unyayo. Upara nao nikaupanda majani na kuunywesha kila jioni. Kuliziba ovyo ovyo kungekuwa kumtia Baba aibu.

Miezi miwili ikapita. Mama, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuukanyaga uwanja ule, akaniambia, “Nipeleke nikaone alipofanyia kazi mara ya mwisho.”

Nikampeleka. Alivua viatu mwenyewe, akasimama navyo mkononi, akinisubiri. Nikaanza kutafuta. Nikazunguka, nikapiga magoti, nikapapasa kwa viganja. Majani yalikuwa sawa kila mahali. Sijawahi kuijutia kazi nzuri kama siku ile.

“Ni wapi, mwanangu?”

“Hapa, Mama,” nikasema, nikaonyesha palipokuwa karibu na goti langu.

Akainama polepole, akaweka kiganja chake pale, akakaa hivyo kitambo.

“Pamenyooka,” akasema. “Ni yeye kabisa.”

Nikamwitikia kuwa ni yeye, na hadi leo sijui Mama alishika wapi.