Neno la Matroni

Mama alifua mashuka ya hospitali kwa miaka ishirini na sita. Siku ya kumuaga, matroni wake alimpa kadi yenye maneno manne ya Kiingereza: *To my doughty friend*. Mama akaniletea nimsomee. Nilikuwa kidato cha pili, najiona nimemeza kamusi nzima.

"Hili la tatu linatamkwa 'dauti'," nikasema. "Dauti ni shaka. Anasema wewe ni rafiki wa kutiliwa shaka."

Mama akabadilika uso. Mwezi uleule mashuka yalikuwa yamepotea stoo.

"Kumbe! Usoni ananichekea, moyoni ananiita mwizi."

Matroni alikuja kwetu mara mbili. Mara ya kwanza nilitumwa niseme Mama hayupo. Mara ya pili alipiga hodi mpaka akachoka. Nilimchungulia dirishani akiweka mfuko wa machungwa mlangoni, kisha akaenda zake. Hakurudi tena.

Miaka kumi na minne baadaye, nikiwa mfasiri, nilikutana na neno lile katika barua ya zamani. Nikafungua kamusi kwa mazoea tu. Shupavu, asiyetishika. Neno la kizamani, ilisema kamusi. Siku hizi husemwa kwa upendo na utani kidogo, hasa kwa mtu wa makamo asiyekubali kushindwa.

Nilimkuta Mama akishona kifungo. Nikamweleza yote.

"Shupavu?" akauliza. "Mimi?"

"Wewe, Mama. Si ulifua mashuka ya wodi nzima kwa mikono, mashine zilipokufa? Mtu kama huyo ndiye huitwa hivyo."

Akaweka sindano chini. "Wodi ya wazazi. Yeye naye alikunja mikono ya gauni, tukafua pamoja."

Jumamosi tukaenda kwake. Mdogo wake alitufungulia, akatuambia matroni alifariki mwaka uliopita. Akamtazama Mama vizuri.

"Ndiye wewe wa kufulia? Dada alikuwa haishi kuniuliza, 'Hivi nilimkosea nini yule?'"

Njiani nikamwomba Mama msamaha.

"Wewe ulikuwa mtoto," akasema. "Mimi nilikuwa mtu mzima, na mdomo ninao. Ningemuuliza tu."

Akatembea mbele yangu, akijifuta macho kwa ncha ya khanga, wala hakutaka nimshike mkono.